Seva kumi na moja ziliingia kwenye maboksi mawili, kosa likabaki kwa Mzee Temu

Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi ni mwanachama wa siku nyingi humu, kazi yangu ni kusoma na kucheka kimyakimya. Leo nimeamua kuandika. Ninachoandika nimekiona na kukifanya mwenyewe. Majina nimebadilisha, kampuni siitaji, mengine yote ni kama yalivyotokea. Anayetafuta chai, yaani hadithi ya kutunga, ajue hapa imeisha.

Uzi ni mrefu, naomba uvumilivu.

Iko hivi. Ofisini tupo kwenye mjadala wa kuhama. Wenzangu wa IT wanaelewa ninachosema. Ile virtualization tuliyoizoea, nitaieleza huko chini, imebadilika. Software uliyokuwa unanunua mara moja unakaa nayo mpaka izeeke, sasa unailipia kila mwaka, tena unauziwa kifurushi kizima pamoja na vitu usivyovijua matumizi yake. Data center nyingi, yaani vyumba vya seva, hapa mjini watu wanakuna vichwa. Wapo wanaokimbilia open source, zile software za wazi zisizouzwa. Wapo wanaotaka kila kitu kiwe container, vile vifurushi vidogo vya programu. Na wapo wanaosema tubebe vyote tupeleke cloud, kwenye mashine za kukodi mtandaoni, tufunge chumba, tubaki na router na feni ya ukutani.

Bosi kaniambia niandike mapendekezo ya miaka ijayo.

Nimekaa na hiyo document wiki mbili. Nafungua, naandika sentensi moja, nafuta, kisha nabaki nawaza chumba chetu cha zamani na mtu mmoja anaitwa Mzee Temu.

Sasa juzi tulikuwa tunapanga utaratibu wa kuzima na kuwasha mitambo wakati wa kuhama. Kuna binti anafanya kazi chini yangu, Neema, mkali kwelikweli. Mwenzake akamwambia, "Angalia tu usije ukafanya Temu." Wakacheka.

Neema akanigeukia. "Hivi kaka, huyo Temu alikuwa nani? Alifanya nini?"

Wakuu, nikasema ngoja nipokee simu, nikatoka nje. Simu haikuwa imeita.

Huu uzi ndio jibu la Neema. Mzee Temu alipoteza kazi na jina kwa kosa ambalo nililifanya mimi, na kwa miaka yote hii sikumwambia mtu.

Twende taratibu.

Kampuni ni ya familia ya Kihindu, wapo mjini hapa tangu enzi za babu zao. Wanauza kwa jumla vyombo vya nyumbani: sufuria, ndoo, chupa za chai, mabeseni. Mzigo unaingia bandarini, unapelekwa stoo Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, kutoka hapo unasambaa nchi nzima na nje ya mipaka. Ofisi kuu ilikuwa ghorofa ya tatu kwenye jengo la zamani mitaa ya Kisutu, lile la ngazi za mbao na vibaraza vya chuma.

Mimi nilikuja pale na diploma yangu, kijana wa Magomeni, shati nimelichomekea mpaka linabana pumzi. Nikaelekezwa chumba cha mwisho. Nikafungua mlango nikakuta mtu mzima kapiga magoti, sikio kalibandika kwenye mashine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyamaza kidogo."

Akasikiliza weee, kisha akainuka anajipangusa magoti. "Feni ya kushoto. Haifiki Ijumaa hii."

Ikafa Alhamisi.

Huyo ndiye Mzee Temu. Mchaga wa Mwika, Mlutheri wa kuimba kwaya, kifua kipana, miwani imefungwa kwa gundi upande mmoja. Kila kitu kilichokuwa na waya katika kampuni ile alikifunga yeye.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya vitambaa. AC ilikuwa inavuja, tumeikingia ndoo ya plastiki, ndoo zetu wenyewe za kuuza, na kila baada ya saa mbili mmoja wetu anaimwaga kwenye sinki. Kelele za mashine zilikuwa nzito kiasi kwamba tulizoea kuongea kwa kupaza sauti, nikirudi nyumbani mama ananiambia, "Mbona unanifokea?" Dirishani unasikia adhana, kengele za hekalu, na honi za magari yasiyosogea. Mpaka leo nikiingia kwenye data center ya kisasa, kimya, baridi, taa za bluu, naona kama nimeingia benki.

Nilikipenda kile chumba. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Nilikipenda.

Seva zilikuwa kumi na moja, kila moja na kazi yake moja tu, na kila moja ina jina. Mzee Temu alizipa majina ya kwao Kilimanjaro. Marangu ilikuwa ya mauzo. Rombo ya stoo. Kibosho ya barua pepe. Uru ya mishahara. Machame alimweka rack, yaani kabati la seva, tofauti na Marangu, ukimuuliza kwa nini anakwambia wewe hujui siasa za mlimani. Na Mwika, kwao kabisa, ndiyo ilikuwa inatunza majina ya watumiaji wote na password zao. Bila Mwika huingii popote.

Tulizitaja kama watu. Kina dada wa dukani Kariakoo wanapiga simu, "Mzee Temu, Rombo kagoma!" Anawajibu, "Mpeni dakika mbili, anakunywa chai." Kumbe anaiwasha upya.

Ikifika Desemba ndipo nilikuwa natamani kulia. Mnajua Wachaga na Krismasi. Mzee anapakia gari, anaondoka na mji mzima, mimi nabaki na seva kumi na moja na ndoo ya maji. Anapiga simu kutoka kwao, "Mwika hajambo?" Namwambia, "Mzee, si uko naye huko?" Anacheka mpaka anakohoa.

Kulikuwa na mila moja pale ofisini ambayo sijaikuta kwingine.

Mwaka wa biashara wa ile familia unaanza na Diwali. Vitabu vya mwaka uliopita vinafungwa, vipya vinaombewa na kufunguliwa. Enzi za zamani yalikuwa madaftari makubwa mekundu. Zilipokuja kompyuta, mama mzazi wa bosi, ambaye wote tulimwita Bibi, akasema na hizi ni vitabu, nazo ziombewe.

Basi kila mwaka siku hiyo tunazima seva zote. Tunazifuta vumbi. Bibi anapanda ngazi zote zile, anashikilia ukuta, amevaa sari nyeupe. Mimi Muislamu ndiye mshika sinia: unga mwekundu, maua ya njano, na ladu, vile vitamu vyao vya mviringo. Bibi anachovya kidole, anaweka alama kwenye kila mashine, moja baada ya moja, huku anaomba kwa Kigujarati. Wana saa yao njema waliyoisoma kwenye kalenda. Saa ikifika, Mzee Temu anaziwasha kwa mpangilio: Mwika kwanza, halafu Marangu, halafu Kibosho, mpaka kumi na moja.

Siku moja nilimtania. "Mzee, mchungaji wako anajua unafanya haya?"

"Mimi ni Mlutheri," akasema. "Mashine hazina dhehebu."

Kisha tunakula ladu. Bosi mwenyewe, Jayesh, anamlisha Mzee Temu kwa mkono wake, yeye wa kwanza kabla ya ndugu zake. Hiyo heshima pale ofisini hakuwa nayo mtu mwingine.

Sasa virtualization ikaja.

Kwa wasio wa fani nieleze kwa mfano wa kwetu. Zamani kila seva ilikuwa kama mtu mmoja kajenga nyumba nzima kwa ajili yake, analala chumba kimoja, vingine vimekaa tu vinakula umeme. Virtualization ni nyumba ya Kiswahili ya Magomeni: nyumba moja, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, kila mpangaji na kufuli lake. Mashine kubwa moja, ndani yake seva nyingi za kufikirika, kila moja inajiona iko peke yake. Umeme unapungua, nafasi inapungua, na mmoja akiharibika unamtengeneza bila kugusa wenzake.

Ni kitu kizuri. Nilikipenda wakati ule na sijakikana leo.

Kampuni ikanipeleka kozi. Nikarudi na cheti na maneno mengi ya Kiingereza. Wakaja wataalamu wa nje kutusaidia kufunga mashine mpya mbili kubwa, sisi tukaziita maboksi. Kazi ya kuhamisha ilichukua wiki kadhaa. Marangu akaingia ndani. Rombo akaingia. Machame na Marangu wakajikuta nyumba moja, Mzee Temu akatikisa kichwa akasema hapo mmewasha moto.

Hakupinga, msimfikirie vibaya. Alikuwa anakaa pembeni yangu na daftari, ananiuliza maswali kama mwanafunzi, mtu wa umri wa baba yangu. "Hii nayo inaitwaje? Hebu rudia." Anaandika.

Aliomba kitu kimoja tu.

"Mwika abaki nje."

"Kwa nini mzee?"

"Anayetunza funguo za nyumba asilale ndani ya nyumba hiyohiyo. Siku ikifungwa, nani atafungua?"

Wataalamu wakasema sawa, si vibaya. Tukakubaliana. Seva kumi ndani, Mwika peke yake nje, kwenye kona yake, na feni yake ya kukoroma.

Ujana maji ya moto, wakuu. Lile boksi moja la zamani lilikuwa linanikera. Wenzangu niliosoma nao tulikuwa na kundi letu la mtandaoni, kila mtu anapost data center yake. Mimi nataka kuandika "kumi na moja kuwa mawili", halafu kuna likobe pale konani linanikoromea.

Zikiwa zimebaki siku mbili Diwali ifike, mchana, Mzee Temu kaenda Narung'ombe kutengeneza printa. Nikamhamisha Mwika. Nakala ikaingia ndani ya boksi vizuri, ikawaka, watumiaji hawakuhisi chochote. Nikaifuta diski ya ile mashine ya zamani, nikaiacha pale inawaka taa. Nilipanga kumwambia siku ya Diwali, mbele ya Bibi na Jayesh, iwe kama zawadi. Niseme, "Mzee, chumba chote sasa ni maboksi mawili, pumzika."

Naapa hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu.

Kuna kingine. Yale maboksi mawili yana ufunguo wao wenyewe wa dharura, password ya mizizi kabisa. Kozini tulifundishwa iwe ndefu, isiyokaririka. Nikaweka ndefu, isiyokaririka. Nikaihifadhi kwenye orodha yetu ya password.

Orodha ilikuwa ndani ya Mwika.

Siku ikafika. Jumamosi, saa nane mchana ndiyo saa yao njema. Mzee Temu kaja na suti ya kanisani. Nikazifuta vumbi, yeye akazima. Alizima kwa mpangilio ule tuliokuwa tumekubaliana, akisoma kwenye daftari lake kwa sauti: kwanza seva za ndani moja moja, halafu maboksi, mwisho Mwika. Ilipofika zamu ya seva za ndani, mimi ndiye niliyekuwa kwenye kioo cha kompyuta. Mwika wa ndani nikamzima kimyakimya bila kusema. Bado nilikuwa nasubiri wakati wangu wa kutoa zawadi.

Bibi akaingia. Akaangalia chumba kilivyo kitupu.

"Marangu iko wapi?"

"Iko humu ndani, Bibi," nikasema.

"Na Rombo?"

"Humo humo."

Akanitazama, akatazama boksi. Akachovya kidole akaweka alama kumi kwenye boksi moja, anazitaja zote kwa majina, moja moja, hakumruka hata mmoja. Kisha akaenda konani akaweka ya kumi na moja kwenye Mwika, kwenye lile bati tupu. Nikataka kusema hapo. Lakini saa ikafika.

Mzee Temu akamwasha Mwika kwanza. Feni ikakoroma, taa zikawaka. Akasubiri dakika zake kama kawaida. Akawasha maboksi. Nayo yakawaka.

Nikakaa kwenye kioo niamshe seva za ndani. Boksi likaniomba jina na password. Nikaweka. Likakataa.

Nikaweka tena. Likakataa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Boksi likitaka kujua mimi ni nani linamuuliza Mwika. Mwika yuko ndani ya boksi, kalala, mpaka mtu aingie amwamshe. Na hakuna anayeweza kuingia mpaka Mwika aamke. Ufunguo wa dharura uko mfukoni kwa Mwika huyohuyo.

Bibi kasimama na sinia. Ladu hazijaliwa.

"Vipi?" akauliza Jayesh.

"Sijui," nikasema. Wakuu, nilijua. Nilisema sijui.

Tulihangaika mpaka jua likazama. Mzee Temu kavua koti, kapiga magoti, sikio kwenye Mwika. "Mbona kama hasomi chochote," akasema polepole, peke yake. "Anazunguka tu. Hafanyi kazi." Alisikia, jamani. Kwa sikio alisikia kwamba diski ni tupu. Ila kwenye maisha yake hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeifuta bila kumwambia, kwa hiyo hakujiamini. Akainuka akasema labda ni uzee.

Jumatatu asubuhi Kariakoo walifungua maduka bila mfumo. Wateja wa mikoani wamejaa na magari yao, kina dada wanaandika kwenye karatasi, stoo haijui kilichopo na kilichotoka. Na kwa Bibi ilikuwa ni zaidi ya hapo: siku ya kwanza ya mwaka mpya, vitabu vimegoma kufunguka.

Wakaja wataalamu wengine, si wale waliotufungia, wakashughulika na maboksi siku nzima, kila kitu kikarudi. Data haikupotea hata moja. Wakaandika ripoti ya ukurasa mmoja. Sababu: mitambo ilizimwa na kuwashwa kwa mpangilio usio sahihi.

Hawakuuliza nani alimwingiza Mwika ndani. Kwa macho yao kuwa ndani ndiyo kawaida. Kwa mfumo ule uliokuwa umefichwa, mpangilio wa Mzee Temu ulikuwa na kasoro kweli. Kwa mfumo aliodhani upo, alikuwa sahihi kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Jayesh akatuita wote wawili. Akasoma ripoti. "Nani alizima na kuwasha?"

Mzee Temu akajibu neno moja. "Mimi."

Jayesh akanigeukia mimi. Hakuniuliza swali, alinitazama tu, nafasi ya kusema ilikuwa pale.

Nikauchuna.

Nilikuwa na mke mjamzito, nilikuwa na chumba cha kupanga Magomeni, nilikuwa na sababu nyingi. Ila nisiwadanganye, zile sababu nilizikumbuka baadaye. Pale pale niliogopa tu.

Hawakumfukuza kwa ubaya. Walimpa stahiki zake na barua ya kumshukuru, wakamwambia teknolojia imebadilika mzee wetu, pumzika. Alikuwa na miaka kadhaa kabla ya kustaafu. Siku ya mwisho alipita kuniaga, mimi nakunja kunja waya usio na kazi.

"Samahani, kijana wangu," akasema. "Kazi yako nzuri nimeiharibu mimi."

Nikamwambia, "Usijali mzee."

Hebu fikirieni. Nilimwambia asijali.

Nikapewa kiti chake. Tulihama Kisutu tukaenda jengo jipya, Bibi alishafariki, wafanyakazi wakabadilika. Likabaki lile neno. Sijui nani alilianzisha, lakini mtu akikosea kuzima kitu wanasema kafanya Temu. Vijana ambao hawajawahi kumwona wanalisema. Na mimi nimewahi kucheka nao.

Sasa baada ya swali la Neema sikulala vizuri. Jumamosi nikaenda Ilala. Nilisikia kitambo kwamba Mzee Temu ana duka la gesi na majiko huko. Nimelikwepa lile eneo kwa miaka.

Nikamkuta. Kanyooka bado, nywele nyeupe zote. Alifurahi, wakuu, alinikumbatia, akaniita mhandisi. Dukani hakuna kompyuta hata moja. Kila kitu kwa peni. Akaja jirani yake wa stationery kuomba amwangalie printa imegoma, Mzee akakataa.

"Mkono wangu mbovu kwa hivyo vitu," akamwambia. "Muulize huyu."

Mtu aliyekuwa anasikia feni inayokufa!

Nikamwambia pale pale, kati ya mitungi. Sikupamba. Nikasema Mwika nilimwingiza ndani mimi, diski niliifuta mimi, sikukwambia, na Jayesh alipouliza nilinyamaza. Mpangilio wako ulikuwa sahihi.

Mteja akaja, akaondoka bila kuhudumiwa.

"Kwa hiyo sikukosea," akasema.

"Hukukosea mzee."

Nilitegemea atukane. Nilitegemea hata aniambie alijua siku zote, kisha tuyamalize kiutu uzima. Hakuwa anajua. Miaka yote hii alikuwa anaamini ni yeye.

Akageuka akaita kwa sauti kuelekea uani. "Mama Eliya! Mama Eliya, njoo hapa."

Mke wake akatoka anafuta mikono kwenye kanga. Nikamwamkia. Mzee akaninyooshea kidole.

"Hebu rudia. Na yeye asikie."

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Yule mama hakuniambia kitu mimi. Alimwambia mume wake, "Baba Eliya, si umesikia? Basi acha sasa." Ndipo akanieleza, bila hasira, kwamba mzee mpaka leo anazitaja usingizini. Mwika, Marangu, Kibosho, Rombo, anafika kumi na moja, anaanza upya, anatafuta aliporuka.

Nililia dukani kwa watu. Sioni aibu kusema.

Mzee Temu akavaa miwani yake. "Nenda kawaambie hao watoto wako wa ofisini," akasema. "Na Jayesh. Usirudi hapa kabla hujawaambia."

Mpaka hapo niliandika jana. Hii ya chini naiandika leo.

Asubuhi nimewaambia. Nilimwanza Jayesh. Alisikiliza akiangalia dirishani, akasema, "Mama yangu alikufa akidhani ile mwaka ililaaniwa." Kisha akasema kuhusu mimi tutaongea baadaye. Sijui itakuwaje, na haki yake. Halafu nikawaita vijana. Neema alifungua ule mpango wetu wa kuhama na kuandika juu kabisa kwamba mashine ya funguo inakaa nje, na pembeni yake akaandika: ushauri wa Mzee Temu.

Kuhusu mustakabali wa virtualization, maana kuna watakaosema nimehama mada. Mawazo yangu ni haya. Haifi leo wala kesho. Itabadilisha jina, itabadilisha mmiliki, nusu itakuwa chumbani kwako na nusu cloud, na container zitakaa juu yake. Ukienda open source nenda na watu wanaoijua. Ukienda cloud jua unakuwa mpangaji, uliza mapema namna ya kutoka. Popote uendapo, funguo zikae nje ya nyumba, na siku ya kuzima na kuwasha ifanyeni kwa mazoezi angalau mara moja kabla ya siku yenyewe. Na ukibadilisha kitu, mwambie mwenzako siku hiyohiyo, hata kama ulitaka iwe zawadi. Funzo langu lote ni hilo la mwisho, hayo mengine mtayasoma kokote.

Wa fani leteni uzoefu wenu, nani kahama, kahamia wapi, kimemkuta nini. Maswali ya kiufundi nitajibu. Na wenye maneno juu ya mtu aliyenyamaza andikeni pia, nitayasoma yote.

Ila majibu yatachelewa kidogo. Nipo Ilala, mlangoni kwa Mzee Temu. Nimemwambia nimeshawaambia. Ameitikia kwa kichwa, anamhudumia mteja wa gesi, na mimi nimesimama hapa na simu, bado hajaniambia nikae.